Jina Lililotoka Juu ya Mabati

Mubi, huku kwetu Kivu, ni mji wa barabara na msitu, na joto lake halina adabu. Shati safi linalowa jasho kabla hujamaliza kufunga vifungo. Katika mji huo mtu mmoja tu alivaa koti la sufu mwaka mzima, na mtu huyo alikuwa direkteri, yaani mwalimu mkuu, wa shule yetu ya msingi. Koti lilikuwa la kahawia, lenye vifungo vinne, vitatu vya ngozi na kimoja cha buluu kilichotoka kwenye gauni la mtu. Alikuja nalo kutoka Masisi, kule juu kwenye ng'ombe na ukungu, na kwa miaka yote aliyokaa kwetu alikataa katakata kukubali kwamba amehama.

"Papa Direkteri, hausikie joto?" mama mmoja alimuuliza sokoni.

"Joto iko inje, Mama," akajibu. "Mu koti hamuna joto. Muko miye peke yangu."

Sitasema alizaliwa lini wala ukoo wake ni upi. Kwanza sijui, na pili mwenyewe angenikemea niache mambo ya watu. Nilisoma kwake miaka sita, kisha nikarudi kufundisha chini yake, darasa la tano, mpaka alipostaafu. Nasema wazi kwamba nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, na ndugu hao wanajijua. Ninachotaka kusimulia hapa ni habari ya jina la shule yetu, kwa sababu jina hilo na mtu huyo hawatenganishwi.

Basi nianze na Kifaransa chake. Watu wengine wanapenda pombe, wengine wanapenda kesi. Yeye alipenda Kifaransa. Alitembea Mubi nzima na kipande cha chaki mfukoni, akisahihisha maandishi ya watu: ubao wa kinyozi, mlango wa duka la dawa, hata matangazo ya mazishi. Siku moja dereva wa pikipiki alifika shuleni amefura.

"Papa Direkteri, weye njo umeongeza herufi ku pikipiki yangu?"

"Ile haikuwa yangu. Ni ya wingi. Uliandika batu wengi, ukasahau alama ya wengi."

"Sasa polisi banasoma, banacheka!"

"Banacheka juu banajua kusoma. Shukuru Mungu."

Shuleni Kiswahili kilikuwa marufuku kuanzia kengele ya asubuhi mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Aliyeteleza na kusema neno moja la Kiswahili alivalishwa shingoni simboli, kipande cha mbao chenye kamba, akatembea nacho mpaka amsikie mwenzake ameteleza na kumpasia. Mimi niliivaa mara nyingi kiasi kwamba mama yangu alifikiri ni sehemu ya sare. Papa Direkteri hakuwa na hasira. Alikuvalisha taratibu, akakunyooshea kola, akarudi kwenye karanga zake. Maana katika shule ambamo kula darasani kulikuwa kosa, mfuko wa kulia wa lile koti ulikuwa umejaa karanga, na sisi tukiandika tulimsikia akizitafuna huku ametazama dirishani kana kwamba sauti inatoka kwa jirani.

Fimbo hakuwahi kushika. "Fimbo haijue kusoma," alisema, "itafundisha nini?" Kwa uongo tu ndipo alipokuwa mkali kweli. Mtoto aliyesema uongo alifuta ubao wa madarasa yote wiki nzima, na kila akimaliza kufuta, Papa Direkteri aliinama na kutafuta doa la chaki kwenye kona. Alilipata daima.

Imla ilikuwa ibada yake. Alitamka kila neno mara tatu, polepole, akipita kati ya madawati, na mwisho alisimama mbele, akakunja miwani na kusema: "Pwen finali. Biki chini." Ndiyo nukta ya mwisho, kalamu chini. Ukiendelea kuandika baada ya hapo ulikuwa umejipatia sifuri, hata kama ulikuwa unaandika jina lako.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Kashe haina masikio." Kashe ni muhuri kwetu. Mtu akilalamika kwamba karatasi ya serikali imekosea umri wake, Papa Direkteri alitikisa kichwa kwa huruma na kusema, "Ndugu, kashe haina masikio." Tuliuona msemo wa kawaida wa mtu aliyechoshwa na ofisi. Hatukujua kwamba alikuwa akijisema mwenyewe.

Shule yetu iliitwa Ndjohi. Juu ya mlango kulikuwa na ubao wa mbao wenye jina hilo kwa rangi nyeupe, na somo la kwanza la historia katika darasa la tatu lilikuwa habari za mwami Ndjohi, chifu wa zamani. Papa Direkteri alilifundisha mwenyewe. Mwami Ndjohi, alisema, alikuwa mrefu, mwenye kofia ya ngozi ya chui na mikuki miwili. Hakupenda vita, alipenda kusikiliza. Alikaa kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya vyoo vya shule, lile lenye shimo katikati, akaamua kesi za watu siku nzima, na shimo lile lilitokana na makalio yake. Aliwaachia watoto ardhi ile ili wasome. Tulisikiliza midomo wazi. Baada ya masomo tulikwenda kukaa kwenye shimo la jiwe mmoja mmoja ili tuone kama tunatosha kuwa wami.

Mara moja niliinua mkono kwa sababu mwaka ule mikuki ilikuwa imefika mitatu, na dada yangu alikuwa amefundishwa miwili. Nikauliza, kwa Kifaransa changu kibovu, kwa nini.

"Mmoja ulivunjika," akasema bila kupepesa macho. "Dada yako alisoma kabla haujatengenezwa."

Nilimpenda Ndjohi kiasi kwamba nilipokuwa darasa la sita nilimchora kwenye ukuta wa ofisi, urefu wa mtu mzima, kwa rangi iliyobaki ya madirisha. Papa Direkteri alisimama mbele ya picha ile muda mrefu sana. Kisha akanipa kiganja kizima cha karanga, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya shule.

Taabu ilikuja miaka mingi baadaye, na ililetwa na mtu mwema. Alikuwa mwanafunzi wetu wa zamani aliyenitangulia madarasa mawili, sasa ana malori ya kubeba mizigo, na alikuwa akitafuta kiwanja kando ya barabara cha kuyalaza. Alikwenda kwa chef wa kartye, mkuu wa mtaa wetu, na barua. Katika barua alisema kwamba nusu ya uwanja wa shule, upande wa jiwe, ni ya familia yake. Upande huo ulikuwa na madarasa matatu, pamoja na la sita, na watoto wa sita walikuwa wanajitayarisha kwa mtihani wa kumaliza. Karatasi pekee iliyokuwa nayo shule ni ile ya serikali yenye kashe, na karatasi ile haikutaja mipaka wala mwenye ardhi. Ilikuwa na jina tu: Ndjohi.

Kikao kilifanyika alasiri, mvua imetoka kuacha, ndani ya darasa la sita lenyewe. Watu wazima walijikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamekaribia kidevu. Watoto walijazana madirishani. Chef wa kartye alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Karibu na mlango alikaa Mama wa Duka, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo zamani, ambaye ndiye aliyeipa shule mabati yake ya kwanza na kila Pasaka alikumbusha jambo hilo.

Mwenye malori alisimama. Hakupiga kelele.

"Miye sigombane na muntu," alisema. "Nilisomea hapa. Papa Direkteri njo alitufundisha mwami Ndjohi alikuwa anaikala ku ile jiwe. Sasa, ile jiwe, babu yangu njo alikuwa ananolea panga pale. Bibi alitusimulia mpaka kufa kwake. Kama jiwe iko ya Ndjohi, na jiwe iko ya babu, basi Ndjohi njo nani? Na shule yenyewe inabeba jina yake. Karatasi ya serikali inasema."

Darasa zima likanong'ona. Kusema kweli, hoja ilisimama. Chef wa kartye akageuka.

"Papa Direkteri, weye njo unajua histware. Sema."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake kabisa. Akisema Ndjohi alikuwa mwami wa pale, madarasa matatu yanakwenda. Mimi niliamini habari ile tangu utoto, kwa hiyo niliomba kimoyomoyo kwamba akumbuke jambo moja dogo, kwamba labda Ndjohi hakuzaa. Neno hilo moja lingetosha.

Papa Direkteri alisimama, akafunga vifungo vyote vinne vya koti. Akaenda kwenye msumari uliokuwa karibu na ubao, akachukua simboli, akajivalisha shingoni mwenyewe. Akajinyooshea kola. Madirishani watoto walipandiana mabegani.

"Leo nitasema Kiswahili," alisema. "Njo maana nimejiazibu mbele. Batu wangu, mwami Ndjohi haiko. Hakukuwako. Ndjohi ni miye."

Mwenye malori aliketi tena kwenye dawati.

"Shule ilikuwa mupya. Nilikuwa juu, napigilia mabati, misumari mu kinywa. Pikipiki ikaja mu matope, iko na mukubwa mumoja wa Kinshasa, anaandika mashule yote ya barabara. Kiswahili haijue. Hakutaka kushuka, juu ya viatu yake. Akaita toka kule: 'École primaire?' Nikawaza anatafuta shule iko wapi. Nikamujibu: 'Njo hii!' Na misumari yangu mu kinywa. Yeye akawaza namupa jina. Akaandika, akaenda. Miezi ikapita, karatasi ikarudi na kashe: École Primaire Ndjohi."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu niseme tu kwamba "njo" ni "ndiyo" ya wengine. Njo hii. Ndiyo hii. Neno ambalo kila mtu wa Kivu analisema mara mia kwa siku, nasi tulilisoma juu ya mlango miaka yote hiyo bila kulitambua, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwa Kifaransa na misumari.

"Nilipata haya," akaendelea. "Miye mwenye kukataza Kiswahili, shule yangu inaitwa Kiswahili. Mutoto wa kwanza akaniuliza, 'Ndjohi njo nani?' Nikasema, 'Mwami.' Wa pili akauliza, 'Alikuwa anaikala wapi?' Nikaona jiwe. Nilibafutisha ubao batoto ya batu kwa uongo kidogo, na yangu ilikuwa inasimama mu kitabu ya histware. Munisamehe."

Karibu na mlango kikasikika kitu kama birika linalochemka. Alikuwa Mama wa Duka, amejiziba mdomo kwa kitenge, machozi yanamtoka.

"Yesu wangu!" akapasuka. "Miye njo nilishika ngazi! Ile siku nilikuwa chini, nilisikia yote! Miaka yote hii nabeba hii kicheko mu tumbo, sizae!"

Chef wa kartye, mtu wa utaratibu, alitaka ushahidi mwingine zaidi ya kicheko. Papa Direkteri akaniagiza nipande kung'oa ubao wa jina. Nikaung'oa, nikaugeuza. Nyuma yake kulikuwa na rangi iliyofifia, maneno manne ya Kifaransa, marefu na mazuri, ambayo hakuna mtu wa mtaa ule aliyeweza kuyatamka bila kunywa maji. Hilo ndilo jina alilokuwa ameliandaa. Karatasi ilipokuja aliugeuza ubao akaandika upya mgongoni mwake.

Sasa watu wote walimtazama mwenye malori. Alikuja mbele taratibu, akauangalia ubao, akamwangalia mzee. Niliogopa, maana mtu aliyepoteza babu mwami mbele za watu anaweza kusema lolote.

"Papa Direkteri," alisema, "uongo ni wiki moja ya kufuta ubao. Ao ile sheria iko ya batoto tu?"

"Sheria iko ya bote," akajibu.

Akachukua kitambaa, akageuka, na akiwa na koti lake na simboli shingoni akaanza kufuta hesabu za darasa la sita. Mwenye malori aliinama akatazama kwenye kona. "Hapa bado," akasema. Watoto madirishani wakapokea: "Bado! Bado ku kona!" Hapo watu wazima waliangua kicheko mpaka dawati moja likavunjika, na mwenye malori naye alikuwa anacheka. Aliikunja barua yake akaitia mfukoni.

"Jiwe muniachie tu nakuja kunolea panga," alisema, na akapewa.

Papa Direkteri alifuta ubao wiki nzima, madarasa yote sita, na siku ya Jumamosi pia ingawa hakuna aliyemdai.

Mimi, sitaficha, nilinuna. Siku mbili sikumsalimia vizuri. Watu wote walipata kicheko na shule ikapata uwanja wake, lakini mimi nilikuwa nimemchora mtu kwa upendo na mtu mwenyewe ameondolewa. Siku ya tatu alinikuta mbele ya ukuta. Alisimama kando yangu akimtazama Ndjohi na mikuki yake.

"Ulimuchora muzuri sana," alisema. "Kuanzia pale njo nilianza kumuamini miye mwenyewe."

Akanipa karanga. Nitamfanya nini mtu kama huyo? Mwisho wa mwaka ule alistaafu akarudi Masisi. Lori la mwanafunzi wake yule yule ndilo lililombeba. Wiki iliyofuata nilichukua rangi ya kahawia nikamvalisha Ndjohi koti juu ya ngozi ya chui, vifungo vitatu vya ngozi na kimoja cha buluu. Mikuki niliigeuza chaki mbili ndefu. Leo watoto wa darasa la kwanza wakiulizwa yule ni nani wanasema ni direkteri wa zamani, na kwa mara ya kwanza wanasema kweli.

Mwaka huu kamati ya wazazi ilipata ruhusa ya kusahihisha jina. Ofisi ilitaka fomu moja tu, jina la zamani juu, jina jipya chini. Kamati ikasema haki ya kuchagua ni ya Papa Direkteri, na nikatumwa mimi. Nilibeba fomu hiyo kutoka msituni hadi milimani nikiwa na uhakika wa jambo moja: yale maneno manne ya Kifaransa hatimaye yatapata mlango wao. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani.

Nilifika Muheto, kijiji chake kule Masisi, kwenye manyunyu, natetemeka ndani ya shati la Mubi. Nilimwona mama anapalilia viazi.

"Mama, Direkteri wa zamani iko anaikala nyumba gani?"

Kabla hajajibu, sauti ikatoka nyuma ya ua.

"Njo hii!"

Halafu kicheko, maana mwenye sauti alikuwa amejisikia mwenyewe. Nilipozunguka ua nilimkuta ameshika kiuno anacheka, amezeeka sana, mwembamba, na amevaa shati la mikono mifupi. Katika baridi ile!

"Papa, koti iko wapi?"

"Huku ya nini? Baridi ya hapa inanijua." Akaniangalia meno yanavyogongana, akaingia ndani, akatoka nalo, akanivalisha, akaninyooshea kola. Katika mfuko wa kulia mlikuwa na karanga.

Alinikaribisha ndani, akanipa maziwa ya moto, akauliza habari za mmoja mmoja. Nilimweleza kuhusu ukuta na koti la Ndjohi, akatazama mikono yake. Kisha alisema, "Ile siku ya kikao nilikuwa na uongo ingine tayari ku ulimi. Ndjohi alikufa bila mutoto. Ingetosha. Lakini batoto balikuwa ku dirisha." Nikamwambia kwamba mimi niliomba Mungu ili yeye auseme uongo huo. "Ninajua," akasema. "Nilisikia unavyopumua."

Nikampa fomu. Alivaa miwani, akasoma juu palipoandikwa NDJOHI, na uso wake ukawa ule niliouogopa nikiwa na miaka tisa. Akaomba biki nyekundu. Akakata D. Akachora mstari wa kutenganisha neno, akaongeza i mwishoni, na pembeni akaandika: tano juu ya kumi, ajifunze kusikiliza. Maisha yake yote alikuwa akiandika maneno hayo kwa Kifaransa. Safari hii aliyaandika kwa Kiswahili.

"Papa, na ile jina yako ya Kifaransa?"

"Ile nilikuwa nimeitafuta. Hii njo ilikuja yenyewe." Akasimama, ukuta wa udongo nyuma yake kama ubao. "Andika chini pale, safi. Sitarudilia mara ya ine."

Nilishika biki. Alianza kutembea, hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi, ndio upana wa chumba.

"Njo," alisema. "Njo. Njo." Akanisubiri. "Hii. Hii. Hii."

Niliandika polepole ili nisikosee. Alikuja akachungulia juu ya bega langu, akakunja miwani.

"Pwen finali," alisema. "Biki chini."

Nami, mtu mzima, baba wa watoto watatu, nikaweka biki chini.